Boga la Mlangoni, Boga la Sufuriani: Kupamba Nyumba Msimu wa Kupukutika Majani

Septemba ikianza tu, maswali yanayonifikia kutoka kwa Waswahili wanaoishi Ulaya na Amerika Kaskazini ni yale yale. Boga nililonunua limetoa maji kabla ya wiki kwisha, nimekosea wapi? Majani mekundu niliyookota na watoto yamejikunja na kusagika, yanahifadhiwaje? Mapambo ya dukani ni plastiki tupu na bei yake inauma, naweza kutengeneza mwenyewe? Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini: haya mambo ya maboga milangoni si ushirikina?

Nitajibu yote hapa. Ushauri wangu mkuu nautoa mapema ili uyasome mengine ukiwa nao mkononi: usilichonge boga. Lipambe likiwa zima, likinge na unyevu na majeraha, kisha Novemba likate ulipike. Boga zima likipata mahali pazuri hukaa miezi miwili hata mitatu. Lililochongwa huanza kulegea ndani ya siku chache, na wiki ya pili ni nadra kuliona likiwa na sura yake.

Kwanza, mashaka yenu

*"Hayo ni mambo ya Halloween."* Halloween ni usiku wa 31 Oktoba. Desturi ya kuchonga sura ilitoka Ireland na Scotland, ambako watu walichonga tanipu. Wahamiaji wa Ireland walipofika Marekani katika karne ya 19 wakakuta boga ni kubwa zaidi na ni laini kuchongwa. Kupamba kwa mavuno ni jambo jingine, na ni pana kuliko usiku huo mmoja. Ujerumani makanisa hupanga maboga, ngano na matufaha mbele ya altare siku ya shukrani ya mavuno, ambayo kwa kawaida ni Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Kanada wana sikukuu ya Shukrani Jumatatu ya pili ya Oktoba, na Marekani Alhamisi ya nne ya Novemba. Kama ulikulia kwenye usharika ambako siku ya mavuno watu walifika na mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi na kuku, hakuna kigeni hapo. Na kama wewe ni Mwislamu, au ni Mkristo ambaye moyo wake hauridhiki na sura za kutisha, acha sura, mafuvu na popo. Kila kitu nitakachoeleza hapa kinafanyika bila hivyo.

*"Ni kuchezea chakula."* Hili nakubaliana nalo kwa moyo wote. Sisi tumekula boga kwa nazi, tumekula mbegu zake zilizokaangwa na majani yake kama mboga, na kuona marundo ya maboga yakitupwa tarehe 1 Novemba kunaumiza. Ndiyo maana nasema lisichongwe na lisipakwe rangi. Likae mlangoni wiki sita, kisha lirudi jikoni.

*"Naishi ghorofani, sina baraza."* Huhitaji. Dirisha, rafu ya viatu au katikati ya meza vinatosha. Kabla hujaweka chochote kwenye korido au ngazi za jengo, uliza msimamizi, maana majengo mengi hukataza kwa sababu ya njia ya kutokea moto ukizuka.

*"Sina pesa."* Nunua boga moja zuri tu. Vingine vyote vinaokotwa chini.

Kuchagua boga

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa la hapa halirekebishiki nyumbani.

Yale maboga makubwa ya rangi ya chungwa yanayorundikwa nje ya supamaketi za Marekani mengi yamezalishwa kwa ajili ya kuchongwa. Aina maarufu ni Howden. Linaliwa, ila nyama yake ina nyuzi na maji mengi, na ladha ni hafifu. Ukitaka pambo ambalo pia ni mlo, tafuta haya:

- Hokkaido: dogo, jekundu-chungwa, limejaa masoko ya Ujerumani. Ganda lake hulainika likipikwa na huliwa.
- Crown Prince: la kijivu chenye ubuluu, lapendwa Uingereza. Linatunzika kwa miezi na nyama yake ni tamu.
- Jarrahdale: nalo la kijivu, lina migongo iliyojitokeza. Asili yake ni Australia.
- Rouge vif d'Étampes: la Kifaransa, pana na jekundu. Kwa sura ndilo bora kuliko yote; kwa supu linafaa.
- Butternut: halivutii mlangoni, lakini meza yenye matatu yaliyosimama pamoja na masuke ya ngano inapendeza kuliko wengi wanavyodhani.

Kisha kuna vile vibuyu vidogo vya mapambo, vyenye vinundu na mistari ya kijani na njano, vinavyouzwa kwa kikapu. Hivyo ni vya kutazama tu. Vingi vina kukurbitasini, uchungu mkali unaosababisha kutapika na kuharisha, na kupika hakuuondoi. Hata boga la kawaida, ukionja likawa chungu, tema na utupe sufuria nzima.

Ukiwa sokoni, chunguza hivi:

1. Kikonyo kiwe kigumu na kikavu, na kiwe kimeshika imara. Boga lisilo na kikonyo lina kidonda wazi, na ukungu huingilia hapo.
2. Bonyeza ganda kwa ukucha. Likipenya kirahisi, boga halijakomaa na halitadumu.
3. Geuza uone kitako. Doa jeupe la pale lilipolalia shambani si tatizo. Doa laini linalobonyea ni tatizo.
4. Kati ya mawili yanayolingana ukubwa, chukua lililo zito.
5. Libebe kwa mikono miwili kutoka chini. Mwenye duka akikuinulia kwa kikonyo, mwombe aliweke chini kwanza.

Kulitayarisha

Boga likishafika nyumbani usilipeleke mlangoni moja kwa moja. Toa udongo kwa kitambaa. Tia kijiko kimoja cha chakula cha dawa ya klorini, ile ambayo wengi tunaiita jiki, kwenye lita nne za maji, ufute ganda lote kwa maji hayo, kisha suuza kwa maji safi. Dawa hiyo huua vimelea vya ukungu vilivyotoka shambani. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya kusafishia choo. Hutoa gesi yenye sumu, na jikoni dirisha likiwa limefungwa kwa baridi ni hatari zaidi.

Likaushe vizuri, hasa pale kikonyo kinapoota, ambapo maji hujificha. Liache siku nzima penye hewa kabla ya kulipamba.

Kisha angalia linapokaa. Saruji na jiwe vina unyevu, na kitako cha boga huoza pasipo mtu kuona. Weka kadibodi, ubao au majani makavu chini yake. Mimi napenda kusokota ngata ya kanga kuukuu, ile ile ya kubebea ndoo kichwani: boga linatulia, haliviringiki, na hewa inapita.

Joto linalolifaa ni kati ya nyuzi 10 na 15 za selsiasi. Kwa hiyo:

- Usiliweke karibu na redieta wala juu ya jiko.
- Epuka dirisha linalopigwa na jua la mchana kutwa.
- Usiku wa baridi ya kugandisha, liingize ndani. Boga lililoganda likiyeyuka huwa bwabwa, na hakuna la kufanya tena.
- Kila siku chache ligeuze uone kitako. Doa laini likianza, likate siku hiyo hiyo, toa sehemu iliyoharibika kwa upana mkubwa, upike iliyobaki ikiwa bado ngumu na haina harufu. Likiwa limelegea sehemu nyingi, litupe.

Wengine wamesoma kwamba ganda lipakwe vaselini au dawa ya nywele ya kupulizia lisikauke. Boga zima halihitaji. Limezaliwa na ngozi ya kulikinga, na dawa ya nywele inashika moto haraka.

Kulipamba bila kulitoboa

Kanuni ni moja: funga, usichome. Kila pini, msumari au tundu la kidole cha meno ni mlango wa ukungu.

Kwa pambo la kwanza, chukua kamba ya mkonge au utepe wa kanga wenye upana wa vidole viwili. Zungusha chini ya kikonyo, ufunge fundo moja, kisha chomeka kwenye utepe majani matatu makavu, suke la ngano na kijiti cha mdalasini. Kanga yenye hudhurungi, chungwa au nyekundu iliyokolea inakaa vizuri na boga la kijivu kuliko na la chungwa. Usifunike boga lote. Sehemu ya uzuri wake ni ganda lenyewe.

Pambo la pili ni la wanaojua kuchora hina. Maboga madogo meupe, aina ya Baby Boo, yana ganda laini linalopokea wino vizuri. Tumia maka pen nyeusi au ya kahawia, anza kwenye kikonyo ushuke kwa vikonyo, majani na nukta, vile vile unavyoshuka kutoka kifundo cha mkono hadi vidoleni. Acha nafasi tupu nyingi. Msichana wa miaka kumi anayejifunza hina atafanya mazoezi hapa bila kuogopa kuharibu mkono wa mtu. Boga lililochorwa lisiliwe, na kwa hiyo ninasisitiza michoro iwe kwenye madogo tu.

Na kama kikonyo kimeshavunjika? Kausha jeraha kwa kuliacha wazi, liweke ndani penye ubaridi, na hilo ndilo uanze nalo kupika.

Watoto wakikazana lichongwe

Watakazana, maana shuleni wenzao wamechonga. Basi chonga moja, na ufanye hivi. Ngoja ibaki siku moja au mbili kabla ya siku mnayoitaka. Kata tundu kitakoni badala ya juu, ili kikonyo kibaki na boga lisibonyee kwa ndani. Kwangua hadi ukuta ubaki na unene wa kama sentimita mbili na nusu. Futa ndani kwa yale maji ya jiki, kausha. Mtoto achore, mtu mzima akate; visu vidogo vya msumeno ni salama kuliko kisu cha jikoni kinachoteleza. Ndani weka taa ya betri. Mbegu zioshe na uzikaange kwa chumvi kabla hujaanza kuchonga, zisije zikasahaulika kwenye gazeti.

Majani: kuokota na kuyatunza

Majani ndiyo yanayobeba rangi ya msimu huu, na ndiyo yanayoharibika haraka kuliko vyote.

Okota siku kavu, mchana, umande ukishakauka. Chagua yaliyoanguka leo au jana, bado yanapinda bila kuvunjika. Mepo, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, hutoa mekundu na ya dhahabu. Mwaloni hutoa kahawia inayodumu zaidi. Kwenye bustani za umma okota cha chini tu, usivunje matawi, na kwenye hifadhi soma kwanza tangazo la langoni kwani nyingine hazikubali kutoa hata jani.

Onyo kwa walio Marekani na Kanada, na tafadhali lisome pamoja na watoto. Kuna mtambaazi uitwao poison ivy ambao kwenye msimu huu hugeuka mwekundu mzuri sana, na hupanda miti na uzio. Alama yake ni vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, cha kati kikiwa na kikonyo kirefu kuliko vya pembeni. Mafuta yake huwasha na kutoa malengelenge, nayo hubaki na nguvu hata mmea ukiwa mkavu. Ukiugusa, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi, nguo pia. Usiuchome moto kamwe, moshi wake hudhuru mapafu. Wa Ulaya hamna haja ya kuuhofia porini kwenu.

Njia mbili za kuyatunza nazipendekeza.

*Kugandamiza.* Panga majani kati ya kurasa za gazeti bila kugusana, weka vitabu vizito juu. Kesho yake badilisha gazeti, maana la kwanza limenyonya maji. Hatua hii ndiyo wengi huiruka na majani yakapata ukungu au madoa meusi. Kisha yaache wiki moja hadi mbili. Yatatoka bapa na makavu, mazuri kwa kubandika kwenye kadi au dirishani, lakini yanavunjika ukiyakunja.

*Glisarini.* Hii ni ile ile unayopaka ngozi wakati wa baridi, inauzwa duka la dawa. Changanya kipimo kimoja cha glisarini na viwili vya maji ya moto kiasi, mimina kwenye sinia, zamisha majani, weka sahani juu yasielee. Baada ya siku mbili yaguse. Yakiwa laini kama ngozi yatoe, la sivyo yaache hadi siku tano au sita. Yafute kwa karatasi. Rangi hukolea kidogo kuelekea kahawia, ila jani linabaki la kupinda, na hayo ndiyo ya kufunga kwenye boga au kuzungusha kwenye duara la mlangoni. Wanaoniuliza kwa nini majani yao yanasagika kila wanapoyagusa, jibu langu ni hili.

Usiyakaushe kwa kuyaweka juu ya redieta. Yatajikunja yote ndani ya usiku mmoja.

Koni na matunda ya mwaloni

Koni za misonobari, yale matunda ya magamba ya mbao, huja na wageni: wadudu, mayai yao, na utomvu. Zipukute nje, ondoa uchafu kwa brashi kavu, kisha zipange kwenye sinia lililofunikwa kwa karatasi ya aluminiamu. Weka oveni nyuzi 95, nusu saa hadi saa moja. Zilizojifunga zitafunguka, utomvu utayeyuka na kung'aa. Usitoke jikoni wakati huo, kwa kuwa utomvu unawaka.

Matunda ya mwaloni hukaushwa kwa moto mdogo zaidi, nyuzi 80, kama saa moja na nusu, ukiyageuza. Yenye vitundu vidogo yatupe nje; ndani mna funza. Ukiyaweka mabichi kwenye bakuli la sebuleni utawakuta hao funza mezani baada ya siku kadhaa. Vikofia vikichomoka, virudishe kwa tone la gundi.

Matunda mekundu ya waridi mwitu ni salama na hukauka vizuri. Lakini acha matunda mekundu ya Taxus, mti wa ua wenye majani kama sindano laini unaopandwa sana Ulaya na Marekani. Mbegu zake na majani yake ni sumu kali, na rangi yake inamvuta mtoto. Mashariki mwa Marekani epuka pia Celastrus orbiculatus, mtambaazi wenye vitunda vya chungwa kwenye maganda ya njano: ni mmea vamizi, na ndege wakila vitunda vya mlangoni kwako wataueneza.

Mahindi na masuke

Mahindi ya rangi, mekundu, zambarau na meusi, huuzwa yakiwa na maganda yake. Vuta maganda nyuma, funga matatu pamoja, tundika. Kwetu mbegu ziliwekwa hivyo darini juu ya moshi wa jiko ili bungua asizipate. Hapa moshi haupo, kwa hiyo yatie kwenye mfuko, uyaweke kwenye friza siku nne kabla ya kuyatundika. Nje ya nyumba kindi watayamaliza. Yatundike ndani.

Machungwa na karafuu

Hili ni pambo la zamani la Ulaya, na kwa mtu wa Unguja au Pemba lina maana ya ziada. Toboa chungwa kwa kijiti, chomeka karafuu kwa mistari au kwa mizunguko, funga utepe, tundika penye hewa kavu. Linahitaji wiki kadhaa kukauka na kuwa jepesi na gumu. Kosa la kawaida ni kuliweka kwenye bakuli lililofungika. Huota ukungu wa kijani. Ukiona linabonyea na kutoa maji, litupe.

Vipande vya chungwa ni rahisi zaidi: unene wa nusu sentimita, kausha maji kwa kitambaa, oveni nyuzi 95 kwa saa tatu hivi, ukigeuza kila nusu saa. Viko tayari visiponata.

Duara la mlangoni

Wengi mmesema mama au bibi akija kutembea atashtuka kuona shada mlangoni, kwa kuwa kwetu shada huwekwa kaburini. Nawaelewa, na sioni sababu ya kumhuzunisha mzee. Tundika ungo badala yake. Ungo wa ukindu au wa mianzi, wenye fungu la masuke, mahindi mawili na majani ya glisarini yaliyofungwa upande mmoja, unapendeza na unamweleza mgeni nyumba hii ni ya nani. Kama unakuja nao kutoka nyumbani, uwe umesafishwa, usiwe na hata punje ya nafaka, na uutaje kwa watu wa forodha ukifika.

Mwenye kutaka duara la kawaida, atumie matawi ya mzabibu au mtambaazi wowote unaopinda:

1. Loweka matawi saa chache ikiwa ni makavu.
2. Pinda moja kwa upana unaotaka, mwisho wake uchomeke ndani ya mzunguko.
3. Zungushia mengine matatu au manne kwa mwelekeo mmoja. Hayahitaji waya.
4. Acha likauke siku mbili.
5. Panga mapambo kwenye theluthi moja tu, chini kushoto au kulia, ukianza na koni kubwa, kisha majani, mwisho vitunda.
6. Funga koni kwa waya mwembamba kwenye magamba ya chini. Gundi ya moto iache kwa vitu vyepesi; baridi ya nje huifanya ikatike.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kujaza duara zima. Linakuwa zito, halina pa kupumzisha macho, na mlango ukifungwa kwa nguvu nusu yake inadondoka. Kwa nyumba ya kupanga tumia ndoano ya kuvalisha juu ya mlango, usipige msumari.

Moto

Majani makavu, masuke, koni zenye utomvu: kila kimoja ni kuni. Usiweke mshumaa wala chetezo karibu navyo. Ukitaka kufukiza udi, ondoa mapambo mezani kwanza. Taa za betri zinatosha, na zina bei ndogo.

Novemba ikifika

Baada ya 31 Oktoba maduka mengi hushusha bei ya maboga yaliyobaki, na majirani wenye maboga mazima mara nyingi hufurahi kukupa. Yakague kwa vigezo vile vile vya sokoni. Usichukue yaliyochongwa, yaliyopakwa rangi wala yaliyoganda.

La kwako lililokaa mlangoni lioshe tena, kata katikati, nusa. Nyama iwe ngumu na yenye harufu safi. Lenye maji mengi lichome oveni kwanza, kisha liponde na kutia tui zito, hiliki na sukari kidogo. Ukilichemsha utapata uji. Crown Prince na butternut hayahitaji hila, ni nazi na chumvi tu. Kinachozidi kifungashe kwenye friza kikiwa kimepondwa.

Yasiyoliwa yapeleke kwenye mboji au pipa la taka za jikoni, baada ya kutoa rangi, utepe na nta. Usiyatupe msituni ukidhani unalisha wanyama. Uingereza wahifadhi huonya kila mwaka kwamba boga jingi humwumiza tumbo kalunguyeye wa huko.

Koni, matunda ya mwaloni na duara huweza kurudi mwakani. Vifute vumbi, vitie kwenye sanduku la kadibodi, siyo la plastiki lisilopitisha hewa, na uweke karafuu chache ndani. Majani ya glisarini yatenganishe kwa gazeti. Lile la mepo likiwa limepauka, mwakani utaokota jingine.